Uzito wa Mshale wa Kuwindia: Anza na Mnyama, Malizia na Umbali Wako

Msimu wa kulungu ukikaribia, wasomaji wetu walioko Marekani na Kanada hutuuliza swali lile lile: mshale wangu uwe na uzito gani? Wengi wao wameshanunua upinde wa kapi na wameshahitimu mafunzo ya uwindaji, lakini dukani wamekutana na kauli mbili zinazogongana. Muuzaji mmoja anawaambia wachukue mshale mwepesi uende mbio. Wa pili anawaambia mwepesi ni wa mashindano, na kwamba mwindaji wa kweli hubeba mshale mzito. Kila mmoja ana hoja, na ndiyo sababu mnunuzi hurudi nyumbani hajui ashike lipi.

Jibu letu kwa ufupi ni hili: beba mshale mzito kadiri uwezavyo, mradi kosa lako la kawaida la kukadiria umbali lisikutoe nje ya moyo na mapafu ya mnyama. Kwa anayewinda kulungu kwa upinde wa paundi 55 hadi 70, jibu hilo huangukia kati ya greni 400 na 475. Ila usiichukue namba hiyo na kufunga ukurasa. Ukijua imetokana na nini, utaweza kuirekebisha kulingana na mkono wako, upinde wako na mnyama wako.

Vipimo utakavyokutana navyo

- Greni: kipimo cha uzito wa mshale. Greni moja ni takriban gramu 0.065, kwa hiyo mshale wa greni 450 una gramu 29 hivi.
- Paundi za mvuto: nguvu unayotumia kuuvuta upinde.
- Wano: mti wa mshale, ambao siku hizi mara nyingi ni wa kaboni au alumini.
- Kigumba: ncha ya mshale; cha kuwindia kina makali, cha mazoezi hakina.
- Insati: kipande cha chuma kinachochomekwa mbele ya wano ili kigumba kifungwe humo.
- Noki: kipande cha nyuma chenye ufa unaoshika upote.

Mshale hauui kwa kishindo

Makosa mengi huanzia kwenye kuufikiria mshale kana kwamba ni risasi. Risasi ya bunduki ya kuwindia hutanuka mwilini na kuharibu nyama pana kuizunguka njia yake. Mshale unakata tu. Makali ya kigumba yanapita kwenye mapafu, moyo au mishipa mikubwa, damu inatoka kwa wingi, mapafu yanasinyaa, na mnyama anaanguka baada ya muda mfupi. Kwa hiyo tunapozungumzia uzito tunazungumzia kazi moja: kukisukuma kigumba mpaka kitokeze upande wa pili, hata pale kinapokutana na mfupa njiani.

Kwa nini kitokeze, na mapafu yameshakatwa? Fikiria mwindaji aliyekaa juu ya mti, kama wengi wanavyofanya wanapowinda kulungu wa mkia mweupe. Mshale wake unaingia juu ya ubavu na kuelekea chini. Ukibaki ndani, tundu pekee lililopo liko juu, nalo huzibwa na manyoya, mafuta na wano lenyewe. Damu inajaa ndani ya kifua kama maji kwenye ndoo, na ardhini haidondoki ya kutosha kukuonyesha njia. Ukitokeza chini ya kifua upande wa pili, damu inamwagika tangu hatua za mwanzo, nawe unaifuata kwa macho hata kwenye majani makavu ya vuli. Mnyama aliyepigwa vizuri asionekane ni hasara ile ile ya mnyama aliyepigwa vibaya.

Upinde mmoja, mishale minne

Tuchukue upinde wa mfano unaorusha mshale wa greni 350 kwa futi 300 kwa sekunde, halafu tuuongeze mshale uzito bila kugusa kitu kingine. Namba ya mwisho kwenye kila mstari inaonyesha mshale unavyoshuka chini ya ulipolenga endapo umepiga kwa pini ya yadi 20 (alama ya kulengea umbali huo) kumbe mnyama yuko yadi 25. Upinzani wa hewa hatujauhesabu.

- Greni 350: futi 300 kwa sekunde, nishati futi-paundi 70, unashuka sentimita 6.
- Greni 450: futi 268, futi-paundi 72, sentimita 8.
- Greni 550: futi 244, futi-paundi 73, sentimita 9.
- Greni 650: futi 226, futi-paundi 74, sentimita 11.

Angalia nishati kwanza. Haikupungua mshale ulipozidi uzito. Iliongezeka kidogo, kwa sababu mshale mzito huchukua sehemu kubwa zaidi ya nguvu ya upinde. Anayesema mshale mwepesi una nguvu zaidi kwa kuwa una kasi anahesabu upande mmoja tu. Tena, ukizidisha uzito kwa kasi ili kupata msukumo, mshale wa greni 450 unaupita ule wa 350 kwa asilimia 15 hivi, na ule wa 650 unaupita kwa asilimia 40. Huo msukumo ndio unaoufanya mshale usikwame haraka unapokutana na ubavu.

Sasa angalia namba za mwisho, maana hapo ndipo gharama ilipo. Eneo la moyo na mapafu ya kulungu mzima lina upana wa sentimita 20 hivi, yaani sentimita 10 kutoka katikati hadi ukingoni. Ukikosea yadi tano kwenye yadi 20, mshale wa 350, wa 450 na wa 550 yote bado imo ndani. Wa 650 umetoka. Rudia kosa hilo hilo kwenye yadi 30 na namba zinakuwa sentimita 9, 11, 13 na 15. Hapo ni mshale mwepesi peke yake uliobaki ndani, nao kwa tabu. Ndiyo maana tunasema umbali wako ndio unaoweka kikomo. Mwindaji wa yadi 20 anaweza kubeba mzigo ambao mwindaji wa yadi 35 hauwezi, isipokuwa kama ana kipima umbali cha mwanga mkononi na anakitumia kila mara.

Linganisha faida na gharama. Kutoka greni 350 kwenda 450 unapata msukumo zaidi kwa asilimia 15 na kulipa sentimita mbili. Kwa kulungu hayo ni malipo mepesi. Kutoka 450 kwenda 650 unalipa zaidi, na unanunua uwezo wa kuvunja mifupa ambayo kulungu hana.

Anza na mnyama

Kampuni ya mishale ya Easton huwagawa wanyama kwa nishati: chini ya futi-paundi 25 kwa wanyama wadogo, 25 hadi 41 kwa wa ukubwa wa kulungu, 42 hadi 65 kwa elki, dubu mweusi na nguruwe mwitu, na zaidi ya 65 kwa wagumu kama nyati. Mgawanyo huo ni mwanzo mzuri, ila hauonyeshi mshale uwe na uzito gani. Ushauri wetu kwa upinde wa kapi ni huu:

- Kulungu wa mkia mweupe na wanyama wa umbo lake: greni 400 hadi 475.
- Elki, dubu mweusi, nguruwe mwitu dume: greni 450 hadi 550. Nguruwe dume ana ngao ya ngozi ngumu begani, usimdharau.
- Pofu, nyati na wa aina yao: greni 650 na zaidi, upinde wenye nguvu, na mwongozaji mwenye leseni.

Namba 650 ina historia. Daktari Ed Ashby wa Marekani alifanya majaribio ya mishale huko Natal, Afrika Kusini, katika miaka ya 1980, na kazi yake ndiyo iliyoeneza hoja kwamba kuanzia greni 650 hivi mshale huvunja mifupa mizito mara nyingi zaidi. Wengi wameikamata namba hiyo na kuyaacha mengine aliyoyasema. Katika orodha yake ya mambo yanayoufanya mshale upenye, la kwanza ni uimara, yaani mshale na kigumba visivunjike wala kupinda. La pili ni mshale kuruka ukiwa umenyooka. Uzito unakuja baada ya hayo. Mshale wa greni 650 unaoyumba hewani unaingia kwa ubavu, na nguvu yake inaishia kwenye kupinda badala ya kupenya.

Maswali mnayotuuliza

*"Upinde wangu umeandikwa futi 340 kwa sekunde. Je, nikiongeza uzito siupotezi uwezo huo?"*

Uwezo huo huna tangu mwanzo. Kasi ya kwenye karatasi hupimwa kwa mvuto wa paundi 70, urefu wa mvuto wa inchi 30 na mshale wa greni 350. Mtu mwenye mvuto wa inchi 28 hupoteza takriban futi 10 kwa kila inchi iliyopungua, na anayevuta paundi 60 hupoteza nyingine. Panga mambo yako kwa kasi halisi ya upinde wako, iliyosomwa kwenye kipima kasi dukani, wala usipange kwa tangazo.

*"Kulungu atasikia upote na kuruka kabla mshale mzito haujafika."*

Atausikia mshale wowote, kwa kuwa sauti husafiri zaidi ya futi 1,100 kwa sekunde na hakuna upinde unaokaribia hapo. Kwenye yadi 20 sauti inafika baada ya sehemu 5 za mia za sekunde. Mshale wa greni 350 katika mfano wetu unafika baada ya sehemu 20, na wa 450 baada ya sehemu 22. Tofauti hiyo ya sehemu mbili haitamwokoa wala kumponza kulungu. Upande mwingine, mshale mzito hubakiza nguvu kidogo kwenye upinde, kwa hiyo mtikisiko na kelele hupungua. Dawa ya kulungu anayeruka ni kupiga karibu na kumpiga akiwa ametulia. Kuupunguza mshale hakusaidii.

*"Wazee wetu waliangusha wanyama wakubwa kwa mishale myepesi."*

Waliwaangusha, na sababu inajulikana. Wahadzabe wa bonde la Eyasi hupaka sumu ya mimea kwenye mishale yao ya wanyama wakubwa, na Wawaata wa Tsavo waliwinda tembo kwa sumu itokanayo na mti wa Acokanthera. Sumu ikishaingia kwenye damu, kazi inayobaki ni kumfuatilia mnyama. Si lazima mshale utokeze upande wa pili. Wewe huna sumu, na majimbo mengi ya Marekani yanaikataza. Mshale wako unategemea makali na njia ndefu ya kukata, kwa hiyo kipimo chao hakiwezi kuwa kipimo chako.

*"Navuta paundi 45 tu. Je, nishuke hadi greni 300 nipate kasi?"*

Hapana. Mwenye mvuto mdogo ndiye anayehitaji zaidi mshale usiokwama. Greni 400 zikienda futi 215 kwa sekunde zinabeba takriban futi-paundi 41, ambazo kwa kulungu zinatosha ukitimiza masharti matatu: kigumba kisicho cha kufunguka, chenye makali mawili yaliyonolewa sawasawa; umbali usiozidi yadi 20; na mnyama aliyekupa ubavu wote au aliyegeuza kifua mbali kidogo nawe. Vigumba vya kufunguka hutumia sehemu ya nguvu kujifungua, na wewe huna nguvu ya ziada.

Hatua za kujenga mshale

1. Soma kanuni za unakowinda. Jimbo la Washington, kwa mfano, linataka mshale wa mnyama mkubwa usipungue greni 6 kwa kila paundi ya mvuto, na kwa vyovyote usiwe chini ya greni 300. Namibia huweka viwango vya nishati na uzito kulingana na ukubwa wa mnyama. Kanuni hubadilika, kwa hiyo soma za msimu huu.
2. Pima mvuto halisi wa upinde wako. Duka la pinde lina mizani ya kazi hiyo. Upinde ulioandikwa 60 unaweza kuwa 57 au 63.
3. Chagua kigumba kabla ya wano. Kigumba cha greni 100 au 125 ndicho cha kawaida. Uzito ukiongezwa mbele unasaidia mshale kuruka sawa kuliko ukiongezwa kwenye wano zima.
4. Chagua ugumu wa wano kwa jedwali la mtengenezaji. Namba ikiwa ndogo wano ni gumu zaidi: la 300 hupinda kidogo kuliko la 400. Ingia kwenye jedwali na mvuto halisi, urefu wa mshale na uzito wa kigumba.
5. Jumlisha. Wano la inchi 28 lenye greni 9 kwa inchi ni 252. Ongeza insati 20, kigumba 125, manyoya 20 na noki 10: jumla ni greni 427. Ukitaka kupanda, weka insati ya shaba ya greni 75 na utafika 482 bila kubadili wano, mradi jedwali bado linaliruhusu.
6. Pima uzito wa mbele. Uweke mshale uliokamilika kwenye ukingo wa kidole mpaka usimame sawia. Kama umesimama inchi 18 kutoka kwenye ufa wa noki, na mshale wote hadi mwisho wa wano ni inchi 28, toa nusu ya urefu: 18 kutoa 14 ni 4. Gawa kwa 28, unapata asilimia 14. Kati ya 10 na 15 ni pazuri kwa wengi.
7. Pima kila mshale kwenye mizani. Mishale ya podo moja isitofautiane zaidi ya greni 5.
8. Piga kupitia karatasi. Tandaza karatasi kwenye fremu, simama hatua chache na upige. Tundu la duara lenye mikato mitatu ya manyoya linaonyesha mshale umeruka sawa. Mpasuko mrefu wa kushoto, kulia, juu au chini unaonyesha noki inayumba. Rekebisha kishikilia mshale au mahali noki inapokaa kwenye upote kabla ya kuendelea.
9. Malizia na vigumba vyenyewe. Piga vigumba vya kuwindia na vya mazoezi kwenye yadi 20, 30 na 40. Vikiangukia pamoja, mshale umekamilika. Visipoangukia pamoja, rudi hatua ya nane.

Tahadhari

- Usishuke chini ya greni 5 kwa kila paundi ya mvuto. Mshale mwepesi kupita kiasi unaupiga upinde karibu sawa na kuachia upote mtupu. Mikono ya upinde hupasuka na dhamana hufutika.
- Kabla ya kila pigo, kunja wano la kaboni taratibu na kulizungusha huku ukisikiliza mlio wa ufa. Wano lililopasuka linaweza kuvunjika wakati wa kuachia na kuuchoma mkono unaoshika upinde.
- Mwenye upinde wa jadi usiokuwa na kapi asifuate namba hizi. Aanzie greni 9 au 10 kwa kila paundi ya mvuto, na umbali aufupishe.
- Msomaji uliye Kenya, uwindaji umepigwa marufuku tangu mwaka 1977; Tanzania unahitaji leseni; Uingereza kuwinda wanyama kwa upinde ni kosa. Kenya na Uingereza tumia maelezo haya kwa kupiga shabaha tu.

Makosa ya kawaida

- Kubadili kigumba bila kuangalia ugumu wa wano. Ukitoka greni 100 kwenda 200 mbele, wano linaanza kupinda kama laini zaidi, na mshale uliokuwa ukiruka sawa unaanza kuyumba.
- Kubadili uzito wiki ya kufungua msimu. Pini zote zitakuwa zimehama. Kila ukibadili uzito, rekebisha pini upya kuanzia yadi 20.
- Kufuata mwindaji wa video. Mwenye mvuto wa inchi 31 na paundi 80 anaweza kubeba mshale wa greni 600 kwa kasi ambayo wewe na inchi 27 hutaipata.
- Kununua uzito na kusahau makali. Kigumba kisichokata nywele za mkononi hakijafaa, hata kikisukumwa na greni 700.
- Kutumia uzito kama ruhusa ya kupiga vibaya. Hakuna mshale unaohalalisha kumpiga mnyama aliyekuelekea uso kwa uso au anayekimbia.

Kama bado unasita

Nunua pakiti moja ya vigumba vya mazoezi vya greni 100, nyingine ya 125 na nyingine ya 150, pamoja na mawano matatu yenye ugumu unaozivumilia zote tatu kwenye jedwali. Zijaribu kwenye karatasi, halafu kwenye yadi 20 na 30, mwezi mmoja au zaidi kabla ya msimu. Kisha mwombe mwenzako akuwekee shabaha mahali usipopajua, ukadirie umbali kwa macho, upige, na upime umekosea kiasi gani. Fanya hivyo mara nyingi, uandike. Mkusanyo mzito zaidi unaoruka sawa na ambao kosa lako hilo bado linauacha ndani ya duara la sentimita 20 ndio mshale wako. Ukigundua kwamba hata mwepesi unatoka nje, tatizo haliko kwenye greni: punguza umbali, nunua kipima umbali, au fanya yote mawili kabla ya kupanda mti.